Chapa Yako Ipo kwa Ajili ya Nani?

Ninachora lebo za bidhaa mjini Gisenyi. Wengi hunijia na ombi moja: picha ya Ziwa Kivu, volkano nyuma yake, na chini maneno Made in Rwanda. Nikiwauliza bidhaa hiyo ni ya nani, hujibu, "Ya watu wote." Hapo naweka kalamu chini, kwa sababu sina cha kuchora.

Mama mmoja muuza sambaza alinijibu vingine. Sambaza ni dagaa walioletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa wanaliwa Gisenyi na hata Goma, ng'ambo ya mpaka. Wateja wake ni akina mama wanaovuka mpaka kwa miguu pale Petite Barrière, na kilio chao kilikuwa mchanga. Dagaa walioanikwa chini, uwaoshe utakavyo, watoto watawatema. Basi akajenga vichanja, na akaapa kutonunua dagaa wa kuanikwa chini hata sambaza wakiadimika. "Mama Goma akirudi jioni amechoka, awatie sufuriani moja kwa moja," aliniambia. Tukaandika kwenye mfuko wake wa karatasi: Sambaza wasio na mchanga. Ziwa hatukulichora.

Kiapo hicho kinamgharimu. Mvua zikizidi, vichanja havimtoshi na wateja wengine huenda kwa jirani. Lakini hapo ndipo ninapoamini kusudi lake: najua atakataa nini.

Kampuni kubwa nazo ni vivyo hivyo. Kampuni ya bia ya Bralirwa ilianzishwa hapa Gisenyi mwaka 1957, na kuanzia 1963 kiwanda kikatumia gesi ya methani iliyotolewa ziwani humu. Ni historia ya kujivunia, nami naipenda sana. Hata hivyo, anayeagiza Primus, bia yao, baada ya kazi hawazii gesi. Anataka bia anayoijua, aipate baa iliyo karibu na kwake.

Kampeni ya Made in Rwanda naiunga mkono kwa moyo wote. Inamwambia mnunuzi bidhaa imetoka wapi. Kwamba imetengenezwa kwa ajili ya nani, hilo ni juu yetu wenye bidhaa kulisema. Ndugu zangu wajasiriamali, kabla ya kuja kwa mchoraji, shindeni sokoni. Msikilizeni anayenunua, na zaidi yule anayeishika bidhaa yenu kisha akairudisha mezani. Muulizeni kwa nini. Mkija na jibu lake, lebo nitaichora siku hiyo hiyo.