Shibiti na Vidonge vya Mama



Imetufikia barua ya dada mmoja anayemuuguza mama yake. Mama huyo ana presha na sukari tangu miaka kadhaa. Sasa ameviweka kando vidonge vyake vyote na kila asubuhi hunywa kikombe cha maji ya shibiti, kwa kuwa umemfikia ujumbe wa simu usemao kwamba mbegu hiyo husafisha mishipa ya moyo na ni miongoni mwa dawa alizozitaja Mtume (S.A.W.). Dada anauliza: je, tumwache, maadamu anasema hajambo?

La, msimwache. Mpelekeni kliniki juma hili hili, apimwe, na daktari aelezwe wazi ni siku ngapi hakumeza dawa. Presha haiumi. Mtu huamka mzima, akafagia ua na kupika chai, ilhali mishipa inachakaa ndani, mpaka siku ya kiharusi. Sukari nayo hula macho na figo polepole. Kusema "sijambo" si kipimo.

Tukirudi kwa shibiti yenyewe, hatuna ugomvi nayo. Majani yake ni membamba mfano wa nyuzi, na mbegu ni bapa, za kahawia, zenye ukingo uliofifia. Isichanganywe na shamari, ambayo punje yake ni ndefu na tamu zaidi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja katika al-Qanun. Waajemi hadi leo hupika wali wa shibiti na maharagwe mapana, na jamaa zetu walioko Ghuba wanaijua kwa jina la shibint. Hata yale maji ya chupa ya kutuliza tumbo la mtoto mchanga kwa miaka mingi yalitiwa mafuta ya shibiti (ingawa mtoto wa chini ya miezi sita, wauguzi wanatukumbusha, haki yake ni ziwa la mama peke yake).

Wataalamu, hasa wa Iran, wameijaribu shibiti kwa ajili ya lehemu, yaani yale mafuta ya damu yanayoziba mishipa. Kwa panya waliolishwa vyakula vya mafuta mengi, lehemu ilishuka. Kwa binadamu majaribio ni machache na madogo, tena wengi walipewa vidonge vya shibiti vilivyopimwa, si maji ya kukadiria kwa kikombe. Baadhi yalionyesha lehemu ikipungua kiasi. Mengine hayakuona kitu: katika utafiti wa Shiraz uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 150 waligawanywa, wengine wakapewa kitunguu saumu, wengine shibiti, na wengine kidonge kisicho na dawa. Kitunguu saumu kilishusha lehemu. Shibiti haikuleta tofauti ya kuhesabika. Kutoka hapo hadi kudai kwamba inasafisha mishipa ya moyo ni mwendo mrefu, na ujumbe ule umeuruka wote.

Lililotuhuzunisha zaidi ni kumsingizia Mtume (S.A.W.). Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari ni ya habasoda, wala hakuna haja ya kuipachikia shibiti cheo hicho. Kumzulia Mtume neno ni dhambi kubwa, hata kama nia ni njema. Tena imepokewa na Abu Dawud kwamba anayejitia kutibu watu, hali hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara. Mwenye kusambaza ujumbe wa "acha dawa, kunywa hiki" na ajitazame hapo. Mtume ametuamrisha tujitibu, na kidonge kilichoandikwa na tabibu mjuzi kimo ndani ya amri hiyo.

Mama asinyimwe shibiti yake, ila iingie jikoni. Faida iliyo wazi kwa mwenye presha ni kwamba chakula chenye harufu nzuri huhitaji chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, na ndani yake imo ile ya mkate, ya achari na ya vidonge vya mchuzi. Anayetumia dawa za sukari amwambie daktari kuhusu mbegu yoyote anayokunywa kila siku, na mwenye mimba asiitumie kwa kiasi cha dawa.

Samaki apakwe kitunguu saumu, ndimu na pilipili manga, achomwe, kisha anyunyiziwe shibiti iliyokatwa. Katika mtindi na tango pia inapendeza. Ikiwa ni ya mchuzi au wali, majani yatiwe mwishoni, moto ukishapunguzwa, kwani yakichemka sana harufu yote hupotea.