Anza na Dumu
Gari la dizeli likianza kutetemeka na kukohoa huku Nchelenge, Zambia, fundi hukimbilia nozeli. Mimi ningeanza na dumu. Dizeli ya kubebwa kwa madumu, hasa ile inayopanda boti kwenda kisiwa cha Chisenga, huingia maji kwa urahisi, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko dizeli, hutuama chini ya chujio. Yamwage kwenye chupa angavu, uone. Mafuta yakiwa safi, acha injini ingurume bila kukanyagwa, legeza nati za mabomba ya nozeli moja moja. Silinda isiyobadilisha mlio ndiyo mbovu. Njia hiyo ni kwa pampu za zamani tu. Injini za kisasa hubana mafuta kupita baa 1,000: usiziguse nati hizo, yatakupenya ngozi.