Mguu Unaouma Usifungwe kwa Kubahatisha



Juma lililopita safari ilitufikisha Gakoromone, soko la mji wa Meru, kumzuru jamaa yetu aliyeolewa huko, naye ni muuza ndizi. Tulimkuta mguu mmoja ameukaza bandeji toka vidoleni hadi gotini, kwa shauri la jirani aliyepona uvimbe kwa njia hiyo hiyo. Jioni, kwa baridi ya Meru, wanawe humsogezea jiko la makaa aote unyayo.

Tulimuuliza maumivu huja lini. Akasema humshika kwenye shavu la mguu akipanda kilima, akisimama hutulia. Na usiku humwamsha, hata auning'inize mguu kitandani ndipo apate nafuu. Tukamsihi aifungue bandeji saa ile ile, na asubuhi aende kwa muuguzi.

Enyi akina mama, mishipa ya damu ni ya namna mbili. Vena hurudisha damu moyoni. Zikidhoofika, nanyi mwasimama kutwa, mguu huvimba jioni, ngozi karibu na kifundo hugeuka hudhurungi, na donda hutokea juu ya kifundo, aghalabu upande wa ndani. Mguu huo huinuliwa juu ya mito, nao hufungwa bandeji ya kubana. Ateri ndizo zipelekazo damu mguuni. Zikizibwa, na sigara na kisukari ni katika sababu kubwa, unyayo hupoa na vidonda huanza vidoleni. Mguu huu ukikazwa, damu haba iliyobaki huzuiwa, nyama hufa, na mwisho wake waweza kuwa msumeno wa daktari. Tiba ya jirani ndiyo madhara ya jamaa yetu. Na wako wenye maradhi yote mawili kwa pamoja.

Muuguzi alitafuta mapigo juu ya unyayo, kisha akalinganisha presha ya kifundoni na ya mkononi. Ya kifundoni ikipungua chini ya sehemu 9 katika 10 za ile ya mkononi, ni dalili ya ateri kuziba, na ndivyo ilivyokuwa. Akampa barua ya haraka kwa daktari, kwani maumivu ya usiku si jambo la kungoja. Jiko likaondolewa, maana unyayo uliokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Badala yake soksi za sufu zisizobana.

Kidole chake kina kidonda kilichofunikwa, akatuuliza: "Sheikh, na udhu wangu?" Tulimjibu kwa madhehebu yetu ya Shafi: aoshe palipo pazima, apanguse juu ya kitambaa cha kidonda, na atayamamu kwa pale pasipofikiwa na maji. Maji yawe vuguvugu, ayapime kwa kiwiko. Akimaliza, akaushe baina ya vidole na atazame kama pana mchubuko mpya. Mara tano kwa siku, ni wauguzi wangapi wawezao kumtazama hivyo?

Siku yake ya daktari ni Jumatatu. Mumewe ameahidi kumshikia meza ya ndizi.