DAWA NA IPIMWE PENYE UCHAFU

Zipo chupa za dawa ya kuulia vijidudu madukani Mwanza zisemazo kwamba dawa huua 99.9 katika kila 100. Hayo huenda ni kweli ndani ya maabara. Je, ni kweli pia juu ya meza ya samaki pale Mwaloni Kirumba?

Shaka hii si ngeni. Mwaka 1903, Rideal na Walker wa Uingereza walitunga kipimo cha nguvu za dawa, lakini dawa yao ilichanganywa na maji safi. Mwaka 1908 Harriet Chick na Charles Martin walitia kinyesi kikavu katika kipimo, na nguvu za dawa zikashuka. Klorini nayo ndivyo ilivyo: damu na matope huimaliza kabla haijavifikia vijidudu.

Sisi tukaao kando ya Ziwa twajua hatari yake. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika hata Mwanza.

Kwa hiyo twaliomba Shirika la Viwango lihakikishe kwamba dawa za namna hii zimepimwa pamoja na uchafu, na kwamba chupa yaeleza wazi kipimo kilichotumika na dakika ambazo dawa yapasa kukaa. Wananchi nasi tusitie dawa juu ya magamba ya samaki. Tuoshe kwanza kwa sabuni, tusuuze, ndipo tutie dawa na kuiacha ifanye kazi yake. Sifa za chupa pekee hazitoshi kumlinda mtu.