Hofu Inayoletwa na Dawa ya Hofu

Asubuhi ya tarehe 17 Juni 2022, askari wa Kongo alivuka Petite Barrière, mpaka wa waenda kwa miguu kati ya Goma na Gisenyi, akifyatua risasi. Aliwajeruhi polisi wawili wa Rwanda kabla ya kuuawa mita chache ndani ya ardhi ya Rwanda. Njia ilikuwa imejaa kama kawaida ya asubuhi: akina mama wenye mabeseni ya nyanya na vitunguu kichwani, vijana wa kubeba mizigo, walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni magunia. Baada ya tukio hilo upande wa Kongo ulianza kufunga mpaka saa tisa alasiri, na mwenye bidhaa ya kuoza akajifunza kuhesabu dakika.

Hayo ni ya siku moja tu. Tarehe 1 Agosti 2019 mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya Ebola iliyoingia Goma. Machi 2020 ukafungwa kwa Korona, na njia iliyokuwa ikipitisha takriban watu 50,000 kwa siku ikanyamaza. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, kisha matetemeko yakapasua nyumba za Rubavu, wilaya ya Gisenyi. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, makombora yalianguka Gisenyi na kuua raia. Mtu wa hapa akisema kwamba moyo unamwenda mbio usiku na usingizi haumjii, haigizi.

Tuseme mwanamke wa namna hiyo anaandikiwa diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina lake la kibiashara, Valium. Usiku wa kwanza analala. Mwezi unapita, mwaka unapita, naye bado anameza. Siku moja anaamua kuacha, na baada ya siku chache mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unadunda, usingizi unapotea kabisa. Jirani, dada, na mara nyingine mhudumu wa afya mwenyewe, wanampa hukumu ile ile: “Unaona? Bado unaihitaji.”

Hukumu hiyo haina msingi, na ndiyo inayowafunga watu kwenye dawa hizi kwa miaka.

Ubongo una kemikali yake ya kupunguza mbio za neva, GABA. Diazepamu, lorazepamu, alprazolamu na ndugu zao huiongezea kemikali hiyo nguvu. Ndiyo maana misuli inalegea na fikra zinatulia. Lakini ubongo ukisukumwa kila siku haukai bure. Unapunguza wepesi wake wa kuiitikia GABA, ili mtu aweze kuamka, kutembea na kufanya kazi. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akijiondoa ghafla, mwenzake anaanguka kifudifudi. Kidonge kikikatwa ghafla, ubongo uliokuwa ukishindana nacho unabaki na nguvu zake zote bila mpinzani, na matokeo yake ni yale yale aliyoyakimbia mgonjwa tangu mwanzo. Mara nyingine huja na mengine ambayo hakuwahi kuyaona: ganzi, mwanga unaoumiza macho, sauti ndogo inayomshtua, hata degedege.

Watumiaji wa heroini wa Mombasa na Dar es Salaam huiita hali hiyo arosto. Hakuna anayemtazama kijana mwenye arosto akakata shauri kwamba heroini ilikuwa ikimtibu. Mama wa Gisenyi si teja. Alimeza alichoandikiwa, kwa kipimo alichoandikiwa, wala hakutafuta ulevi. Hata hivyo mwili wake hauulizi kidonge kimetoka mkononi mwa nani. Kwa hiyo kuacha ghafla hakupimi chochote. Inawezekana kabisa ugonjwa wa wasiwasi bado upo, na kwa wengine upo kweli, lakini jibu hilo halipatikani siku ya tatu bila kidonge. Linapatikana baada ya kupunguza dozi polepole, kwa wiki nyingi au miezi, na kutazama kinachobaki.

Kinachotia uchungu ni kwamba haya yamejulikana kwa zaidi ya miaka arobaini. Kampuni ya Uswisi Hoffmann-La Roche ilitoa Librium mwaka 1960 na Valium mwaka 1963, zote zikitokana na kazi ya mkemia wake Leo Sternbach. Ziliuzwa kama mbadala salama wa dawa za zamani za usingizi, na kwa hilo kulikuwa na ukweli: ni vigumu zaidi kufa kwa kuzidisha diazepamu peke yake. Mwaka 1978 zaidi ya vidonge bilioni 2 vya Valium viliuzwa. Mwaka uliofuata, Seneta Edward Kennedy aliitisha kikao mjini Washington, ambako wagonjwa walisimulia jinsi walivyoteseka walipojaribu kuacha. Mwaka 1982, daktari Heather Ashton alianzisha kliniki Newcastle, Uingereza, kwa ajili ya watu wa aina hiyo tu, akaiendesha kwa miaka kumi na miwili. Alikutana na watu waliokuwa wametii maagizo ya daktari kwa miaka mingi.

Mwaka 1984 diazepamu na wenzake wakaingizwa katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kimataifa. Mwaka 1988 wasimamizi wa dawa wa Uingereza waliwaagiza madaktari wasizidishe wiki 2 hadi 4. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimisha onyo zito kuhusu utegemezi liwekwe kwenye maelezo ya dawa hizi zote. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaikubali diazepamu kwa wasiwasi mkali wa dharura, kwa muda mfupi tu. Ujumbe umekuwa mmoja tangu zamani. Anayeandika diazepamu ya mwaka mzima kwa ajili ya usingizi hawezi kujitetea kwamba hakuambiwa.

Na utegemezi si hasara pekee. Nusu ya diazepamu hubaki mwilini kwa saa 20 hadi 50, na zao lake ndani ya mwili laweza kukaa hata zaidi ya saa 100, kwa hiyo kidonge cha jana kinakutana na cha leo. Dawa hizi hudhoofisha kumbukumbu na kupunguza wepesi wa kuitikia hatari. Fikiria maana yake kwa mwanamke anayebadilisha faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola kichwani mwake, katikati ya msongamano, au kwa dereva wa pikipiki anayempakia. Kwa wazee huongeza hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Zikichanganywa na pombe au tramadoli, pumzi yaweza kukatika usingizini. Usingizi wenyewe uliomfanya mtu azipende hupungua ubora baada ya wiki chache, naye huongeza kidonge cha pili.

Kuna eneo moja ambalo imani katika kidonge inadhuru zaidi, nalo ni kiwewe. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulikuta kwamba 27.9% ya manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994 walikuwa bado na maradhi yanayotokana na kiwewe, ikilinganishwa na 3.6% ya watu kwa jumla. Wanyarwanda wanaijua ihahamuka, yaani hali ya kulemewa na kiwewe, hasa inapofika Aprili, mwezi wa kumbukumbu. Mtu aliyezidiwa namna hiyo anaonekana kama anaomba kitu cha kumlaza, na huruma ya haraka ni kumpa. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema waziwazi kwamba mtu mzima aliyepatwa na tukio la kutisha asipewe dawa hizi kwa dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Kidonge hakimsaidii mtu kulikabili lililomtokea. Kinaahirisha tu, halafu kinaacha deni lake.

Watetezi wa kidonge wana hoja moja yenye uzito: wataalamu ni wachache, foleni ni ndefu, na mgonjwa anataka kulala leo. Hoja hiyo imejibiwa hapa hapa Kivu. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio lililofanyika katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, miongoni mwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono na waliokuwa wamelemewa na dalili. Waliohudumu hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongomani waliofundishwa kuongoza tiba ya mazungumzo, hasa katika vikundi, kwa vikao 12, huku usalama ukiwa bado haupo. Miezi sita baada ya tiba, ni 9% tu ya wanawake wa vikundi hivyo waliokuwa bado na dalili za kiwango cha sonona au wasiwasi; kwa waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja bila tiba hiyo, walikuwa 42%. Rwanda nayo ina Mvura Nkuvure, vikundi vya majirani vilivyoanzia Byumba mwaka 2005, vinavyokutana kila wiki kwa wiki 15. Kwa anayehitaji dawa ya muda mrefu, zipo za aina nyingine kama fluoksetini, ambayo orodha ile ile ya 2023 inaitaja kwa ugonjwa wa wasiwasi.

Diazepamu ina kazi yake, na atakayeifuta hospitalini ataua watu. Inakatiza degedege la kifafa na la malaria kali. Inalegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda. Inamvusha mlevi siku za kwanza za kuacha pombe. Kazi zote hizo ni za muda mfupi.

Lawama basi haziendi kwa mama wa nyanya. Zinaenda kwa kila cheti kilichoandikwa bila tarehe ya kuacha, kila duka la dawa linaloongeza pakiti bila kuuliza cheti, na kila bosi wa zahanati anayehesabu mgonjwa aliyenyamaza kuwa mgonjwa aliyepona. Sheria ya kuhitaji cheti haitoshi. Cheti cha diazepamu kwa wasiwasi kiwe na siku ya mwisho iliyoandikwa kwa wino, isiyozidi wiki nne, na mgonjwa aelezwe kwa lugha yake, Kinyarwanda au Kiswahili, kitakachotokea akizidisha.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umemeza vidonge hivi kwa miezi au miaka, usivitupe usiku wa leo, maana kukata ghafla kwaweza kuleta degedege na kifo. Nenda hospitali ya wilaya, au ukiwa Goma nenda kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, uombe mpango wa kupunguza. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2025 unapendekeza kuanza kwa kukata 5% hadi 10% ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4. Ukikuta mhudumu anayekuambia uendelee tu kwa sababu hofu ilirudi ulipoacha, muombe akupeleke kwa mwingine.