Mgeni wa Dola na Mgeni wa Nduta



Mikutanoni huku Kibondo na Kasulu twaulizwa kama twaziunga mkono kanuni za Machi 2025, zilizokataza bei za humu nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Twaziunga mkono bila kigugumizi. Zamani za mkoloni sarafu yetu iliamuliwa na Bodi iliyokaa London. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966, na Februari 1967 mabenki ya wageni yakawa mali ya umma. Hayo hayakufanywa ili mwenye nyumba wa Dar es Salaam aje kumdai Mtanzania mwenzake kodi kwa dola!

Lakini sheria za fedha za wageni zina upande wa pili ambao hauonekani Masaki. Wakazi wa Nduta waujua.

Mgeni mwenye mtaji hupokelewaje? Sheria ya Uwekezaji ya 1997, na ile ya 2022, zilimwahidi kwamba faida yake ataipeleka kwao kupitia benki. Hufungua akaunti ya shilingi, na ya dola akipenda. Wala si jambo jipya: mwaka 1921 Mwingereza alimkodisha Mbelgiji gati ya Kigoma kwa faranga 1 kwa mwaka. Mgeni mkubwa hakosi mlango.

Sasa tumtazame mgeni mdogo. Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015, Warundi waliingia kwa maelfu, wengi wakiwa na watoto na godoro tu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 iliwataka wakae kambini, wasitoke bila kibali. Mtu wa namna hiyo akiba yake aiweke wapi? Aliifukia chini ya kitanda.

Mwishoni mwa 2016, kambini Nyarugusu, Shirika la Chakula Duniani lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha badala ya chakula. Shilingi, ndugu, si dola! Na shilingi ile ilikwenda kwa nani kama si kwa mwenye maharage, mwenye mahindi na mwenye mawese? Mwaka 2017 mpango ukasimamishwa. Baadaye masoko ya pamoja, alipokutana mwenyeji na mkimbizi, yakafungwa au yakapunguziwa siku.

Nani alifaidika? Si mkulima wa Buha. Mkimbizi aliendelea kuuza sehemu ya posho yake apate chumvi na sabuni, ila sasa kwa njia za panya, na katika njia za panya mlanguzi ndiye mpanga bei. Posho ilipokatwa hadi nusu mwaka 2023, mkimbizi hakubakiwa na cha kuuza, nasi hatukuwa na mnunuzi.

Wapo wasemao kwamba mkimbizi akishika fedha hatarudi kwao. Hao wawaulize wazee wa Kasulu. Babu zetu walipelekwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Walishika ujira, na wengi walirudi. Ujira ule ndio uliolipa kodi na mahari. Mtu hurudi kwao akisikia pana amani na shamba lake halijachukuliwa. Kumwachia mfuko mtupu hakumfundishi njia ya kurudi, kunamfundisha kuiba mihogo yetu.

Basi twataka mgeni yeyote aliyeandikishwa na Serikali, awe na mgodi au blanketi moja, aweze kuweka shilingi zake benki kwa jina lake mwenyewe na kwa kitambulisho alichopewa. Wakongo wa Nyarugusu wangali hapa. Tuanze na hao. Na chakula cha msaada kinunuliwe kwanza kwa vyama vya wakulima wa mkoa huu, kwa bei iliyobandikwa hadharani.

Azimio hili tutalipeleka mkutano wa wilaya. Kila tawi lichague wajumbe wawili, na wajumbe waje na bei za maharage za 2016 na za 2018 kutoka kwa wauzaji wenyewe, maana tutadaiwa ushahidi.