Kadi ya Tanga iko wapi?

Nilikuwa nyumbani Tanga kwa wiki mbili, na nimerudi Dar na hasira. Nisiwazungushe. Nina swali moja tu, na naomba mlijibu kwa ukweli bila kukimbilia simu: mara ya mwisho kuona postikadi ya Tanga ilikuwa lini? Simaanishi ya simba. Simaanishi ya Mmasai karuka juu, wala ya tembo kasimama mbele ya Kilimanjaro. Namaanisha ya Tanga.

Haya. Nilidhani hivyo.

Hasira yangu imetoka ndani ya boksi la viatu. Mjomba wangu alikuwa baharia. Kila meli ilipotia nanga alinunua postikadi na kuituma nyumbani, na bibi alizihifadhi zote kwenye boksi juu ya kabati, pale kwetu Ngamiani. Sisi watoto tuliruhusiwa kuzishika siku za sikukuu tu, tena baada ya kunawa mikono. Kwa bibi zilikuwa karibu na msahafu.

Humo ndimo nilimoiona dunia. Niliijua Liverpool kwa jengo la Royal Liver na wale ndege wawili wa shaba juu ya minara. Niliijua New York kwa Sanamu ya Uhuru, zawadi ya Wafaransa ya mwaka 1886. Sydney niliijua kwa daraja la 1932 na lile jumba la muziki la 1973 lenye paa kama matanga ya jahazi, na sisi watoto wa Tanga tulilipenda kwa sababu hiyo. Nyuma ya kila kadi mjomba aliandika mistari mitatu: salamu, hali ya hewa, na jambo moja alilojifunza bandarini. Kwenye kadi moja ya London aliandika kwamba daraja lenye minara miwili tunaloliona si London Bridge bali ni Tower Bridge, la mwaka 1894, na kwamba London Bridge yenyewe iliuzwa kwa Mmarekani. Tulicheka sana. Nani anauza daraja? Nilipokua nikatafuta, nikakuta ni kweli: liliuzwa mwaka 1968, likapelekwa Arizona mawe kwa mawe, na tangu 1971 liko Lake Havasu City, jangwani.

Shuleni nilikuwa nawika. Mwalimu wa jiografia akiuliza Golden Gate iko wapi, mkono wangu uko juu. San Francisco, mwalimu, 1937. Nilijiona msomi.

Sasa sikilizeni kilichonipata. Katika zile wiki mbili nilimpeleka rafiki yangu wa Dar akaone Tongoni. Ni karibu tu, chini ya kilomita 20 kusini ya mji kwa barabara ya Pangani. Tukaona gofu la msikiti, tukaona makaburi yenye nguzo, nyingi zimeanguka, chache zimebaki wima. Rafiki yangu akaniuliza, "Waliozikwa hapa ni akina nani?" Nikajibu kwa sauti ya mwenyeji, "Washirazi." Akauliza tena, "Washirazi gani? Lini? Na haya mashimo ya duara kwenye nguzo ni ya nini?" Nikabaki kukohoa.

Mwandishi wa habari mzima! Mtoto wa Ngamiani! Daraja lililouzwa Arizona nalijua, kaburi lililo mwendo wa nusu saa kutoka kwetu silijui.

Niliporudi mjini ndipo nikasoma. Mji ule ulistawi katika karne ya 14 na ya 15. Yale mashimo yalikuwa ya bakuli na sahani za kauri zilizoletwa kwa biashara ya baharini, nyingine kutoka Uchina, zikapachikwa kwenye nguzo kama pambo. Ni pwani hiyohiyo, ya Mtangata, ambako Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael mwaka 1499, kwa sababu mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi mno hata hawakutosha kuendesha meli zote. Kwa maneno mengine, Mreno aliteketeza merikebu nzima mlangoni kwetu, na mimi nilikuwa nasimulia habari za Arizona.

Najua mtakachosema. Mtasema hiyo ni kasumba, mjomba kaleta picha za wazungu zikatuharibu akili, zichomwe moto. Hapana! Hapo nabisha. Zile kadi hazikuniharibu. Zilinifundisha Kiingereza, ramani na hamu ya kusafiri. Na watu wa Liverpool hawakumwibia mtu kitu. Walifanya anachofanya yeyote anayependa kwao: walichagua upande mzuri wa mji, wakapiga picha, wakaandika jina, wakamuuzia baharia kwa bei anayoiweza. Wana hata hadithi yao kwamba wale ndege wakiruka na kuondoka, mji utakufa. Niambieni, hadithi hiyo ina ukweli gani kuishinda yetu ya Amboni, ya mbwa aliyepotelea pangoni akatokea Kilimanjaro? Hakuna. Tofauti ni kwamba ya kwao inasafiri dunia nzima kwenye kadi, na ya kwetu inasimuliwa na mzee mmoja mpaka siku anayozikwa.

Kwa hiyo tatizo si kadi zilizokuja. Tatizo ni kadi ambazo hazikwenda.

Katika boksi lile kuna kadi moja ambayo mjomba kaandika: "Nami nitumieni ya Tanga, niwaonyeshe wenzangu melini." Mama alizunguka mji mzima. Alichokipata ni twiga. Akamtumia twiga. Mjomba anasimulia mpaka leo jinsi wenzake walivyomuuliza kama twiga wale hupita mbele ya nyumba yenu asubuhi au jioni.

Na msiniambie eti Tanga haijawahi kuwa na postikadi. Ilikuwa nazo, tena nyingi, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, mpaka ikafika Moshi mwaka 1911, mwaka uleule lilipofunguliwa jengo la Royal Liver kule Liverpool, walikuwa wakituma kwao kadi zilizoandikwa "Gruss aus Tanga". Maana yake ni salamu kutoka Tanga. Leo kadi hizo zinauzwa mtandaoni kwa euro, mkusanyaji kwa mkusanyaji.

Zitazameni vizuri. Majengo yana majina na yameelezwa. Kisha njooni kwa watu. Chini ya picha imeandikwa "askari", au "mpagazi", au "mwanamke wa Kiswahili". Basi! Hana jina, hana mtaa, hana baba. Hebu fikiria postikadi ya Liverpool yenye muuza samaki wa Kiingereza, na chini yake imeandikwa "mfano wa Mwingereza". Wangekubali? Lakini bibi zetu walikwenda Ulaya kwa stempu ya senti chache, bila majina.

Wala si kwamba pwani hii haikuwa na ufundi. Zanzibar kulikuwa na studio ya akina Gomes, Wagoa waliokuwa wakipiga na kuuza picha tangu karne ya 19. Na ukitaka kuona picha nyingi za zamani za Afrika Mashariki mahali pamoja, mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000, uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Evanston, karibu na Chicago. Wamezitunza, na wameziweka wazi mtandaoni. Nawashukuru. Lakini inauma kidogo kuizunguka Marekani ili uuone mtaa wa nyanya yako.

Mtaniambia siku hizi tuna Instagram, postikadi za nini? Nimepitia picha zenu za Tanga, wapendwa. Nimeona nyuso zenu. Nimeona miwani yenu. Nyuma ya bega la kushoto kuna ukuta, na chini mmeandika "Tanga raha". Ukuta gani? Wa mwaka gani? Nani alijenga? Simu ikiibiwa daladalani, ukuta nao umeibiwa. Postikadi ilikuwa na vitu vitatu: picha, jina la mahali, na mtu aliyekusudiwa kuipata. Ninyi mna cha kwanza tu, tena nusu yake imezibwa na kichwa. Na hao mnaodhani wameacha kadi hawajaacha. Tangu 2005 kuna mtandao wa Postcrossing ambao watu wasiojuana hutumiana postikadi za kwao kwa posta, kutoka nchi moja hadi nyingine.

Tanga ina miji rafiki, mnajua? Eckernförde ya Ujerumani tangu 1963. Toledo, Ohio, tangu 2001. Toledo ni mji wa viwanda vya vioo. Je, mtoto wa Toledo akitaka kuishika Tanga mkononi, ashike nini? Twiga?

Na haya si mapambo tu. Nguzo za Tongoni hazisimami upya zikianguka. Nyumba za kale za Pangani, mji aliponyongewa Bushiri Desemba 1889, zinaliwa na chumvi. Jengo la Wajerumani pale Bombo, lile linalotazama bahari, halitaishi milele. Siku yakianguka, picha itakayobaki ni ya nani? Itabaki ya Mjerumani, na maelezo yake. Wanetu watainunua kwa euro. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Mbachao wenyewe sisi hatujaupiga hata picha.

Basi mimi nimeanza. Kabla sijaondoka Tanga nilikwenda studio moja mjini, nikachapisha kadi ishirini za Tongoni. Mbele kuna nguzo. Nyuma nimeandika jina la mahali, karne, umbali kutoka mjini, na nafasi ya stempu nimeiacha. Ya kwanza nikampelekea mjomba, ambaye sasa amestaafu na anashinda barazani. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, kadi yako uliyoagiza hii hapa, samahani imechelewa." Alicheka mpaka akavua miwani. Akaigeuza, akasoma yote polepole, akaigeuza tena mbele.

"Na huyu aliyesimama kando ya nguzo," akaniuliza, "ni nani?"

Alikuwa ni yule mzee wa Tongoni aliyetuzungusha makaburini saa nzima. Nilimpiga picha kwa sababu alipendeza na kanzu yake. Jina sikumuuliza.

Kadi kumi na tisa zilizobaki sijazituma. Jumamosi narudi Tongoni. Anayetaka kwenda nami aseme, basi linaondoka asubuhi.